Mamie Phipps Clark: Mwanafunzi wa hesabu aliyeifikisha saikolojia ya watoto mahakamani

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Marekani vinapofungwa kwa likizo ndefu ya majira ya joto, kuna wanafunzi wachache wa saikolojia ambao hawaendi nyumbani. Bado hawajamaliza shahada ya kwanza. Hubaki chuoni wiki nane au kumi, kila mmoja chini ya mhadhiri anayemlea kitaaluma. Hufundishwa kuandaa maswali ya utafiti, kukaa na watoto au watu wazima wanaochunguzwa, kuhesabu majibu na mwishowe kusimama mbele ya watu kueleza walichokipata. Hulipwa posho, ili aliyetoka katika familia isiyo na uwezo asilazimike kwenda kuosha vyombo hotelini wakati wenzake wakijifunza. Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo limekuwa likigharamia mipango ya namna hii tangu mwaka 1987, na sehemu kubwa ya juhudi hizo inawalenga vijana wa jamii ambazo kwa muda mrefu hazikuonekana katika maabara.

Miaka ya 1930 mpango kama huo haukuwepo, na kwa kijana mweusi hata chuo chenyewe kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Lakini katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, palikuwa na profesa mmoja aliyekuwa akifanya kazi hiyo bila kuipa jina. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Mamie Phipps Clark, ambaye utafiti alioanza akiwa na umri wa miaka 21 ulikuja kuingia katika kesi iliyobadili shule za Marekani.

Mtoto wa daktari wa Hot Springs

Mamie Katherine Phipps alizaliwa Aprili 18, 1917, Hot Springs, jimbo la Arkansas, mji ulioitwa hivyo kwa sababu ya chemchemi zake za maji moto. Baba yake, Harold Phipps, alikuwa daktari mzaliwa wa visiwa vya Karibiani vilivyokuwa chini ya Uingereza, na pia alisimamia hoteli iliyowapokea wageni weusi waliokuja kuoga maji hayo. Mama yake, Katie, alimsaidia mumewe katika kazi za udaktari. Kwa vipimo vya wakati ule, nyumba yao ilikuwa na neema.

Hata hivyo neema hiyo ilikuwa na mipaka. Arkansas ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kusini ambako sheria zilitenganisha weusi na weupe shuleni, kwenye mabasi, hospitalini na mezani. Kuna maduka ya wazungu yaliyomruhusu Dk. Phipps kuingia kwa heshima ya kazi yake na kuwakataa majirani zake. Mamie alisoma shule za weusi peke yao, zilizokuwa na vitabu vichache na majengo duni, na alipomaliza sekondari mwaka 1934 alipata ufadhili wa masomo kutoka vyuo viwili vikubwa vya watu weusi, Fisk na Howard. Akachagua Howard.

Alikwenda kusoma hesabu, na fizikia kama somo la pili. Alikuwa hodari na alizipenda hesabu. Kilichomkatisha tamaa ni walimu wa somo hilo, ambao hawakujishughulisha na wanafunzi wao, hasa wasichana. Inafaa kulikumbuka jambo hili, maana kwa kawaida mwanafunzi anapohama somo tunasema limemshinda. Mamie Phipps hesabu hazikumshinda. Alikosa mtu wa kumshika mkono.

Profesa Sumner na idara yake ndogo

Chuoni hapo alikutana na Kenneth Clark, kijana aliyemtangulia kidogo, mwanafunzi wa saikolojia aliyekuwa amevutwa na somo hilo na profesa mmoja tu. Kenneth ndiye aliyemshawishi Mamie ahamie huko, kwa hoja kwamba msichana anayependa kufanya kazi na watoto angepata nafasi kubwa zaidi katika saikolojia. Tusifiche kwamba hoja hiyo ilikuwa na harufu ya uchumba. Ilikuwa hoja sahihi hata hivyo.

Profesa mwenyewe aliitwa Francis Cecil Sumner. Alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Pine Bluff, Arkansas, jimbo lile lile la Mamie, na kwa kuwa mtoto mweusi wa wakati ule hakuwa na sekondari ya maana ya kwenda, alifundishwa nyumbani na wazazi wake. Akiwa na miaka 15 alikubaliwa na Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kwa kufanya mtihani tu, bila cheti cha sekondari. Baadaye alilelewa kitaaluma na G. Stanley Hall, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya Marekani, katika Chuo Kikuu cha Clark. Vita Kuu ya Kwanza ikamkatiza masomo na kumpeleka jeshini Ufaransa. Aliporudi alimaliza, na mwaka 1920 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia.

Sumner alifika Howard mwaka 1928. Saikolojia ilikuwa imebanwa ndani ya masomo mengine, naye akaifanya idara inayojitegemea. Fedha za utafiti hazikuwa zikimfikia, kwani wafadhili wakubwa hawakuwa na mazoea ya kumpa mtu mweusi. Alijua Kijerumani na Kifaransa, akawa anaandika kwa Kiingereza muhtasari wa makala nyingi za lugha hizo kwa ajili ya majarida ya saikolojia. Pamoja na mwenzake Max Meenes, walijenga idara iliyotoa wanasaikolojia weusi kwa wingi ambao hakuna chuo kingine kilichoufikia.

Walimkaribisha Mamie bila kumficha ukweli kwamba mwanamke mweusi mwenye shahada ya saikolojia angepata shida ya kuajiriwa. Kisha Sumner akampa kibarua cha saa chache ndani ya idara. Hapa ndipo ulipo mfanano na mipango ya leo. Posho ilikuwa ndogo, lakini msichana alikuwa ndani, kila siku, mahali ambapo utafiti unazungumzwa, vitabu vimefunguliwa na mwalimu anaweza kuulizwa swali nje ya darasa. Yale aliyoyakosa kwenye hesabu aliyapata hapo.

Mwaka 1937 Mamie na Kenneth walioana kwa siri, kwa sababu baba yake hakutaka aolewe kabla ya kuhitimu. Mwaka uliofuata alihitimu shahada ya kwanza kwa alama za juu.

Majira ya joto ya 1938

Likizo hiyo, kabla ya kuanza masomo ya uzamili, alipata kazi ya ukatibu katika ofisi ya wakili William Houston, hapo hapo Washington. Kwa kutazama juu juu, kazi hiyo haikuhusiana na saikolojia hata kidogo. Lakini William Houston alikuwa baba wa Charles Hamilton Houston, mwanasheria aliyebuni mkakati wa kuubomoa ubaguzi wa shuleni kesi baada ya kesi kwa niaba ya chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Mawakili vijana waliingia na kutoka ofisini humo, akiwemo Thurgood Marshall, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Katibu wa ofisi huona mengi. Mamie aliona majalada yakiandaliwa na akasikia hoja zikipimwa. Baadaye maishani alieleza kwamba ni katika miezi hiyo alipoanza kuamini kuwa utaratibu wa kuwatenga weusi, aliouzoea tangu utotoni kama mtu anavyozoea hali ya hewa, unaweza kukomeshwa, na kwamba unaweza kukomeshwa mahakamani. Alirudi Howard mwezi Septemba na swali ambalo hakuwa nalo Juni: ubaguzi unamfanya nini mtoto mdogo, na utaupimaje ili mtu mwingine akubali kwamba upo?

Picha, kisha wanasesere

Kwa ajili ya tasnifu ya uzamili alikwenda katika shule za chekechea za watoto weusi mjini Washington. Alichukua watoto 150, wa miaka mitatu, minne na mitano, nusu wavulana na nusu wasichana. Mtoto wa miaka mitatu huwezi kumpa dodoso ajaze. Ukimuuliza anajionaje, atakutazama tu. Kwa hiyo Mamie alitumia mbinu iliyotangulia kutumiwa na watafiti Ruth na Eugene Horowitz: michoro ya wavulana weusi na weupe, ikichanganywa na picha za simba, mbwa, kuku na mchekeshaji wa sarakasi. Mvulana aliombwa aoneshe ipi ni picha yake. Msichana alioneshwa picha hizo hizo akaombwa amtafute kaka yake au ndugu yake.

Majibu yalionesha kwamba watoto hao walikuwa tayari wanajitambua kwa rangi mapema kuliko watu wazima wengi walivyodhani, na kwamba wenye ngozi nyeupe zaidi mara nyingi walimchagua mvulana wa kizungu. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1939. Makala zilizotokana nayo zilitoka katika majarida ya saikolojia zikiwa na majina mawili, la mume na la mke, na la mume likitangulia.

Mfuko wa Rosenwald ukawapa ufadhili wa kuendelea. Safari hii walitumia wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi, wawili weupe wenye nywele za manjano. Watoto walikuwa 253, wote weusi, wa miaka mitatu hadi saba. Kati yao 134 walitoka shule zilizotenganishwa za Arkansas, katika miji ya Hot Springs, Pine Bluff na Little Rock. Yaani Mamie aliurudia mji aliozaliwa, na pia mji wa mwalimu wake. Wengine 119 walikuwa Springfield, Massachusetts, kaskazini, ambako weusi na weupe walisoma pamoja.

Mtoto aliombwa kwanza ampe mtafiti mwanasesere anayependa kucheza naye, kisha aliye mzuri, kisha anayeonekana mbaya, kisha mwenye rangi nzuri. Halafu yakaja maombi ya kutambua: yupi ni kama mzungu, yupi ni kama mweusi, na mwisho kabisa, yupi amefanana nawe. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Katika majaribio ya awali iligundulika kwamba mtoto akishajitambulisha na mwanasesere wa kahawia, hujikuta anamtetea. Ikabidi swali la kujitambulisha liwekwe mwisho. Ni jambo dogo la kiufundi, lakini ndani yake utaona ule uangalifu ambao mwanafunzi hujifunza kwa kukaa karibu na mtafiti mzoefu, kwa sababu mara nyingi vitabu haviutaji.

Asilimia 67 ya watoto walichagua mwanasesere mweupe wa kucheza naye. Asilimia 59 walisema mweupe ndiye mzuri, na asilimia 59 walimnyoshea kidole wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Walipofikia swali la mwisho, baadhi waliokuwa wamechangamka walinyamaza. Wengine walilia. Wawili walikimbia nje ya chumba na hawakuweza kubembelezwa.

Msimamizi mwingine

Mamie alifanya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako mumewe alikuwa ametangulia. Kwa wakati huo alikuwa mwanafunzi mweusi pekee wa saikolojia pale, na tayari alikuwa mama: binti yake Kate alizaliwa mwaka 1940 na mwanawe Hilton mwaka 1943, mwaka ule ule alipomaliza masomo. Kama msimamizi alimchukua Henry Garrett, mtaalamu mashuhuri wa vipimo vya akili na takwimu, aliyeamini wazi kwamba weusi wamezaliwa na akili pungufu. Alimchagua akijua hivyo. Tasnifu yake ilihusu namna uwezo wa akili unavyobadilika mtoto anapokua, mada ya vipimo na namba tupu. Zile hesabu za Howard hazikupotea bure.

Inasimuliwa kwamba Garrett alimshauri, atakapohitimu, arudi kusini akafundishe sekondari. Ukiwaweka Sumner na Garrett kwenye mizani moja utaona kwamba wote wawili walikuwa wasomi wa kweli wa fani yao. Wote walisoma kazi za mwanafunzi huyu na kuzisahihisha. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alidhani mwanafunzi huyo anaweza kuwa.

Walikuja kukutana tena. Mwaka 1952, katika kesi ya wazazi na wanafunzi weusi wa kaunti ya Prince Edward, Virginia, Garrett aliletwa na upande wa jimbo kueleza kwamba kuwatenganisha wanafunzi hakuna madhara. Mawakili wa NAACP walimwita Mamie Clark kumjibu. Aliyekuwa katibu wa ofisi ya Houston alisimama kizimbani kama shahidi mtaalamu dhidi ya profesa wake mwenyewe. Kesi hiyo ilishindwa kwa wakati ule, ikapelekwa juu pamoja na nyingine nne.

Mei 17, 1954, majaji tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwa sauti moja kwamba shule za umma zinazotenganisha watoto kwa rangi zinavunja katiba. Katika tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo, mahakama ilitaja maandiko ya wanasayansi ya jamii iliyoyazingatia. La kwanza lilikuwa ripoti ya Kenneth Clark ya mwaka 1950. Jina la Mamie halimo. Kwa miaka mingi watu waliyaita majaribio ya wanasesere kuwa ya Kenneth, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba ulikuwa mradi wa mke wake tangu mwanzo, naye alijiunga baadaye. Francis Sumner hakuishi kuiona hukumu hiyo. Alifariki Januari mwaka huo huo, miezi minne tu kabla.

Utafiti wenyewe umekosolewa, na wakosoaji wana hoja. Watoto 253 si wengi. Zaidi ya hapo, watoto wa kaskazini, waliosoma pamoja na wazungu, walimchagua mwanasesere mweupe wa kucheza naye kwa asilimia 72, wakati wale wa kusini waliotengwa walikuwa asilimia 62. Hao waliolia nao walikuwa zaidi wa kaskazini. Kwa hiyo wanasesere peke yao hawawezi kuthibitisha kwamba shule iliyotengwa ndiyo chanzo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, walichoonesha ni kizito zaidi ya hicho: kwamba dharau ya nchi nzima ilikuwa imeshamfikia mtoto wa chekechea, kusini na kaskazini, hata pale ambapo hakuna kibao kilichoandikwa mlangoni.

Chumba cha chini ya ghorofa, Harlem

Onyo la walimu wa Howard kuhusu ajira lilitimia. Akiwa na uzamivu wa Columbia, Mamie Clark alipewa kazi ya kuchambua takwimu za wauguzi, kazi iliyokuwa chini sana ya elimu yake na ambayo aliichukia. Baadaye akawa mpimaji katika makazi ya wasichana weusi wasio na familia, New York. Huko aliona watoto wenye shida kubwa za nafsi wasio na mtu wa kuwahudumia. Yeye na mumewe walizunguka kwenye mashirika ya ustawi wa jamii wakiyaomba yapanue huduma zao hadi Harlem. Yote yalikataa.

Mwaka 1946 baba yake alimkopesha dola 946. Kwa fedha hizo walifungua kituo katika chumba cha chini cha majengo ya makazi ya Dunbar, Harlem, wakisaidiwa na wataalamu waliojitolea. Miaka miwili baadaye kikaitwa Northside Center for Child Development. Mwanzoni wazazi walisita, kwani kumpeleka mtoto kwa mwanasaikolojia kulionekana kama kutangaza kwamba ana wazimu. Kilichowaleta ni jambo jingine: shule za jiji zilikuwa zikiwaweka watoto wao katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Northside iliwapima upya watoto hao na kukuta kwamba wengi wao hawakustahili kuwekwa huko. Wazazi walirudi shuleni na karatasi mkononi, na shule zikalazimika kubadilika.

Mamie Clark aliongoza kituo hicho hadi alipostaafu mwaka 1979. Wakati Kenneth akihojiwa na magazeti na kuandika vitabu, yeye alikuwa Harlem akishughulika na mishahara ya wafanyakazi, masomo ya ziada ya kusoma na hesabu, na wazazi waliokuja bila miadi. Alifariki kwa saratani ya mapafu Agosti 11, 1983, nyumbani kwao Hastings-on-Hudson, nje kidogo ya jiji la New York, akiwa na umri wa miaka 66. Kituo cha Northside kinaendelea kuhudumia watoto hadi leo.